Ngazi tatu za malezi darasa la kwanza: shajara ya mradi kutoka shule ya mwaloni

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule zimefunguliwa. Darasa la kwanza tumepokea watoto 94 katika mkondo mmoja, walimu tuko wawili, mimi na mwenzangu. Shule yetu iko Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mwalo wa dagaa, yaani ufuko ambapo mitumbwi hutia nanga na dagaa huanikwa. Ukifungua dirisha la nyuma unaona mchanga, mitumbwi na vichanja.

Mwaka jana nilifundisha darasa hilihili, na hadi Juni watoto wanane walikuwa wameshazoeleka kwa jina la "watukutu". Tulianza kuwashughulikia mwezi wa tano, wakati kila mwalimu ameshawachoka na wao wameshatuchoka. Mwaka huu tunataka kuanza siku ya kwanza, kabla mtoto yeyote hajapewa jina. Naandika hapa kila hatua ikiisha ili mwalimu mwingine akitaka kufuata asirudie makosa yetu.

Mpango wenyewe, wa kulea tabia za watoto kwa ngazi tatu, si wetu. Ulikuzwa Marekani, na majina yanayotajwa sana ni George Sugai na Robert Horner wa Chuo Kikuu cha Oregon. Wao waliuchota kwenye afya ya jamii, na sisi watu wa ziwani tunaujua tayari kupitia kichocho. Siku ya dawa za kichocho shuleni, watoto wote hupimwa kimo kwenye ule mti wenye alama na wote humeza vidonge. Haulizwi nani anaumwa. Anayeendelea kupata choo chenye damu hupelekwa zahanati. Yule ambaye ini limeshaathirika hupewa rufaa, kwetu hapa ni hospitali ya Bugando. Malezi ya tabia nayo yapangwe hivyo. Ngazi ya kwanza ni ya wote. Ya pili ni ya wachache wanaohitaji mkono wa ziada, na ya tatu ni ya mmojammoja, kwa mpango wake mwenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba katika watoto 100, karibu 80 hutoshelezwa na ngazi ya kwanza, 15 huhitaji ya pili na 5 ya tatu.

Nimenunua daftari kubwa la hesabu, shilingi 4,000. Kila tukio tutaandika saa, mahali, kilichotangulia na kilichofuata: kupigana, kuuma, kunyang'anya, kutoroka darasani, kulia bila kunyamaza.

Ijumaa, 24 Januari

Ngazi ya kwanza tumeianza vibaya.

Tuliandika kanuni tisa kwenye manila kwa makapeni ya rangi tatu, tukabandika ukutani. Jumla shilingi 11,000. Siku ya nne mwenzangu akanigeukia akauliza, "Hivi, hawa wanasoma?" Darasa la kwanza, Januari, hakuna anayesoma. Zaidi ya hapo, zaidi ya robo ya watoto wamekuja na Kisukuma tu, na wachache Kijita na Kikerewe. Tuliwaandikia kanuni kwa herufi wasizozijua, katika lugha wasiyoielewa, kisha tukawakasirikia kwa kutozifuata.

Tumebandua. Kanuni sasa ni tatu: tusikilizane, tusiumizane, tutunze vitu. Hatuzifundishii darasani. Foleni ya bomba tunaifundishia bombani. Mimi najifanya mtoto anayesukuma, mwenzangu anajifanya aliyesukumwa, kisha tunauliza: alitakiwa afanyeje? Watoto wanaonyesha kwa mwili, mmojammoja. Choo hivyohivyo, foleni ya uji hivyohivyo. Watoto watatu wanaojua lugha zote mbili wanawatafsiria wenzao. Dakika kumi kila siku, na tutarudia wiki ya kwanza ya kila mwezi.

Jambo la pili tulilojifunza ni salamu. Kila asubuhi mmoja wetu anasimama mlangoni, na kila mtoto anasalimiwa peke yake, kwa macho. Anayesema "Shikamoo" anaitikiwa "Marahaba," na anayesema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, anaitikiwa hivyohivyo. Watoto 94 huchukua dakika kama sita. Hakuna tulichofanya mpaka sasa chenye thamani kubwa kuliko dakika hizo sita, kwa sababu pale mlangoni unamwona aliyelia njiani, aliyekuja bila kula na aliyevimba shavu.

Ijumaa, 7 Februari

Wiki ya 27 hadi 31 Januari ilikuwa mbaya mno. Daftari lina matukio 31 kwa siku tano. Watoto walipigania vifuniko vya chupa, wawili waliumana, na mmoja alilala kabisa juu ya dawati hadi nikadhani anaumwa.

Lazima niandike na hili. Alhamisi ile, tarehe 30, nilichukua fimbo nikamchapa mtoto aliyemrushia mwenzake jiwe. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa na idhini, na yule ni mtoto wa miaka sita. Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza, na nimekwenda kwa mama wa mtoto. Mama hakushangaa, akasema, "Si ndiyo shule, mwalimu." Jibu hilo limeniumiza kuliko kama angenifokea. Kesho yake mtoto alipita mlangoni akiangalia chini, na ilichukua siku nane kabla hajaniangalia usoni tena. Zile dakika sita za kila asubuhi nilizichoma kwa fimbo moja.

Ili tupunguze fujo tumeanza kutoa pipi. Mtoto akionekana akifanya moja ya kanuni tatu, anapewa.

Ijumaa, 21 Februari

Wiki ya 10 hadi 14 Februari matukio yalishuka hadi 12. Tulifurahi sana na tukawaambia walimu wenzetu kwamba pipi ndiyo dawa. Walimu wawili wa darasa la pili wakaanza nao.

Lakini pipi zina kero zake. Wasiopata wanawavizia waliopata chooni. Wapo wanaokuja kuripoti, "Mwalimu, nimemsaidia huyu," huku yule aliyesaidiwa anakataa. Hadi leo tumetumia shilingi 14,000.

Tunaziacha. Badala yake tunasifia kwa kutaja kitendo chenyewe: "Umemsubiri mwenzako bombani, umefanya vizuri." Neno "safi" peke yake halimwambii mtoto amefanya nini. Walioandika juu ya mpango huu hushauri sifa nne au zaidi kwa kila karipio moja. Mwenzangu aliniwekea maharage mfukoni, nihamishe moja kwenda mfuko wa kulia kila nisifupo na kwenda wa kushoto kila nikaripiapo. Siku ya kwanza nilikuwa na sifa 9 na makaripio 26, nami nilijiamini kuwa ni mwalimu mpole. Nashauri kila anayeanza mradi huu aanze na maharage kabla hajanunua manila.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki ya 24 hadi 28 Februari, matukio 29. Tumerudi kulekule, na mwenzangu akasema tumekosea kuacha pipi.

Jumanne nilikaa na daftari jikoni nikisubiri uji. Mama anayetupikia aliniona nikihesabu, akauliza ninahesabu nini. Nikamwonyesha: wiki hii 31, wiki hii 12, wiki hii 29. Hakuuliza habari za pipi wala kanuni. Alisema, "Mwalimu, hizo mbovu ni siku za giza. Hiyo nzuri mwezi ulikuwa mkubwa."

Kwa asiyekaa ziwani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola na betri. Taa huwavuta dagaa palipo na giza tu. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika siku saba hadi kumi, hushona nyavu na kulala nyumbani. Giza likirudi mitumbwi inarudi kazini, nayo hutia nanga alfajiri. Hapo mikono yote inahitajika mwaloni: kubeba ndoo, kuosha, kutandaza dagaa kwenye mchanga na vichanja kabla jua halijapanda. Mtoto wa miaka sita anaamshwa saa 11 alfajiri, anafukuza kunguru na kugeuza dagaa, kisha anakimbilia shule saa 2 bila kunawa, amekula dagaa wabichi au hajala kitu.

Nilichukua kalenda. Tarehe 29 Januari na 28 Februari mwezi ulikuwa haupo kabisa angani. Tarehe 12 Februari ulikuwa duara kamili. Pipi zetu hazikutibu chochote. Tulizianza mbalamwezi ilipokaribia, zikapata sifa isiyo yao. Yule mtoto niliyemchapa tarehe 30 Januari alikuwa ametoka mwaloni asubuhi ile. Niliuliza baadaye, alikuwa ameamka saa 10 usiku.

Mimi nimekaa hapa miaka sita nakula dagaa kila wiki, na sikujua. Tangu leo daftari lina safu ya tano: mwezi.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumerudi kutoka likizo fupi. Hatua tatu tumeanza:

Kwanza, watoto wa darasa la kwanza wanaochelewa siku za giza hawasimamishwi tena getini. Mwalimu Mkuu amekubali. Kuna waliopinga wakisema tunalea uzembe, nikawaomba watupe miezi miwili.

Pili, uji wa darasa la kwanza unatoka saa 2:30 badala ya saa 4. Kamati ya shule imekubali kuni na mpishi, na unga na sukari vya ziada tumechangia sisi walimu wawili. Tumetoa shilingi 30,000. Hili ndilo lenye gharama kubwa na sijui tutalibeba hadi lini.

Tatu, mikeka mitatu, shilingi 8,000 mmoja, nyuma ya darasa. Mtoto akisinzia analazwa dakika ishirini. Tuliogopa kwamba wote watataka kulala. Siku mbili za kwanza walitaka kweli, siku ya tatu wakachoka kulala bila usingizi.

Tulikwenda pia kuonana na viongozi wa BMU, wale wanaosimamia mwalo, tukaomba watoto wa shule wasifanyishwe kazi alfajiri. Tulipokewa kwa heshima, tukapewa soda, na hakuna kilichobadilika. Makosa ni yetu. Tulizungumza na wanaume wenye mitumbwi, na kazi ya kuanika ni ya akina mama. Wiki iliyofuata mama wa uji alitupeleka kwa akina mama wenyewe, jioni, wakiwa wanakusanya dagaa. Mmoja akasema waziwazi: "Mvua hizi za masika dagaa wasipokauka wanaoza, nikikosa mikono nakosa hela ya hilo daftari unalolitaka." Hatukumbishia. Tulikubaliana jambo dogo: mdogo wa darasa la kwanza aachiwe saa 12:30 anawe na aende, wakubwa wabaki. Nusu hivi ya akina mama wanatimiza.

Ijumaa, 9 Mei

Ngazi ya pili. Hapa napunguza mwendo kwa sababu tulikosea mara mbili, na makosa yote mawili yaliwaangukia watoto.

Tuliandika majina 14 ya watoto wenye matukio mengi daftarini. Kila mmoja alipewa kadi ya siku: asubuhi anaonana na mwalimu wake dakika mbili, wanakubaliana jambo la kushikilia leo, kila kipindi anawekewa alama 0, 1 au 2, jioni wanahesabu pamoja. Akifikisha asilimia 80 ya alama, siku imefaulu. Katika utaratibu wa awali kadi huenda nyumbani kusainiwa, nasi tukafanya hivyo.

Siku ya tatu mtoto mmoja alikuja na alama za mkanda mgongoni. Kadi yake ilikuwa na sifuri mbili. Baba aliisoma kama mashtaka yaliyotoka shuleni.

Tulisimamisha kadi zote siku hiyohiyo. Mwalimu wa malezi alikwenda nyumbani kwa yule baba pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na mtoto tunamwangalia mwili kila asubuhi. Sasa kadi haitoki shuleni. Kinachokwenda nyumbani ni neno moja la mdomo, tena la jema tu, nami hulipeleka mwenyewe nikipita mwaloni: "Mama Fulani, leo mwanao amemgawia mwenzake penseli." Mama mmoja aliweka ndoo chini akaniuliza, "Kuna nini kingine?" Alikuwa hajawahi kumwona mwalimu akija bila shtaka. Kurudufu kadi, shilingi 5,000.

Kosa la pili lilikuwa orodha yenyewe. Majina yote 14 yalikuwa ya wavulana isipokuwa mawili, na wote ni wa kelele. Daftari letu linaandika vurugu, kwa hiyo linawaona wenye vurugu tu. Mwaka 1990 Hill Walker na Herbert Severson walichapisha njia ya kumtaka mwalimu aandike orodha mbili: wanaoonyesha shida kwa nje, na wanaoibeba ndani. Tulijaribu ya pili. Tulikaa dakika nzima hatuna jina. Kisha mwenzangu akataja binti anayekaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Tangu Januari hatukumbuki kumsikia akisema neno ila salamu. Hachezi. Ukimwita mbele anatetemeka. Tulimhesabu kuwa mtoto mwenye adabu.

Waliongezwa watatu, yeye na wawili wa aina yake, wakafika 17. Hao watatu hawapewi alama. Wanapewa kazi yenye mwenza: kugawa madaftari wawiliwawili, kumwagilia miche, kupeleka chaki darasa la pili.

Ijumaa, 30 Mei

Wiki hii mwezi haukuwapo tarehe 27, ni giza kamili. Matukio 14. Giza la Januari yalikuwa 31. Safari hii siwezi kusema ni mikeka au uji au kanuni, maana vyote viko pamoja na watoto nao wamekua miezi minne. Naandika namba kama ilivyo.

Watoto 71 hawahitaji kitu zaidi ya ngazi ya kwanza. Wa ngazi ya pili ni 17, na sita wanahitaji ya tatu. Sita hatuwawezi, tumechukua watatu. Naeleza mmoja tu.

Ni mvulana anayepiga wenzake. Tulidhani ni mkali wa tabia. Tulifuata daftari kwa wiki mbili: kilichotangulia, kitendo, kilichofuata. Mara 11 kati ya 13 kilichotangulia ni "Toeni madaftari, tuandike." Kilichofuata mara zote ni kutolewa nje. Basi kila alipopiga alipata alichokitaka, nasi tulikuwa tunamlipa. Penseli anaishika kwa ngumi, na mistari mitatu humchosha mkono kama mtu anayepiga makasia.

Tumempa kipande cha manila chenye picha ya mkeka. Akichoka anakiinua, anapumzika dakika tano bila kuulizwa, kisha anarudi. Kazi yake ni mstari mmoja badala ya mitano, na kila asubuhi anafinyanga udongo wa mfinyanzi kuimarisha vidole. Wiki ya kwanza alikiinua kila dakika, na mwenzangu alitaka kumnyang'anya. Tulivumilia. Wiki hii ameinua mara tatu au nne kwa siku na amepiga mtu mara moja.

Ijumaa, 18 Julai

Muhula wa pili. Likizo ya Juni ilifuta mengi, tukafundisha foleni ya bomba upya kana kwamba ni Januari. Anayefuata mradi huu aitenge wiki hiyo mapema.

Mwalimu mmoja aliyetupinga kuhusu geti ameomba nakala ya daftari lenye safu ya mwezi. Anafundisha darasa la nne.

Gharama hadi leo: manila na makapeni 11,000, pipi 14,000, daftari 4,000, kadi 5,000, mikeka 24,000, uji 30,000 kabla kamati haijauchukua mwezi wa tano. Jumla shilingi 88,000, na kati ya hizo 25,000 za mwanzo zisingehitajika.

Ijumaa, 15 Agosti

Yule mvulana amepoteza kipande chake cha manila. Jumatano nilimwona akikitafuta chini ya dawati, akasimama, akasema, "Mwalimu, naomba kupumzika kidogo." Sikumtengenezea kingine.

Na yule binti wa dirishani anaondoka. Familia inafuata dagaa, wanahamia kisiwa cha Ukerewe, na boti ya Nansio, bandari ya huko, ni kesho. Mwezi uliopita alianza kumnong'oneza mwenza wake wakigawa madaftari, na juzi aliniita jina langu. Uhamisho una fomu yake, lakini fomu haina nafasi ya mambo haya, hivyo nimeandika karatasi moja nikaikunja kwenye bahasha, nikamkabidhi mama yake mwaloni amfikishie mwalimu wa huko:

"Mwalimu mwenzangu, shikamoo kama umenizidi. Mtoto huyu asiitwe mbele ya darasa kwa sasa. Mkalishe na mwenza mmoja, asibadilishwe. Mpe kazi ya kugawa madaftari. Anajua majina yote hata kama hayasemi. Asubuhi msalimie wewe kwanza, atajibu polepole. Siku za giza atachelewa."